Ukisikia "ubia", uliza hasara ni ya nani

Jumamosi niliongea kwenye mkutano wa wakulima na vijana hapa Bahati, Nakuru. Waliokosa kufika wameniomba niweke maneno yenyewe hapa. Kwa kuwa huu mfululizo ni wa kueleza mambo yanayobishaniwa kwenye siasa bila kumtaja mwanasiasa wala chama, nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema. Ni marefu kidogo. Weka chai karibu.

1/ Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo. Nimepewa kazi ya kueleza neno moja tu. Neno lenyewe ni "ubia". Mmelisikia kwenye mazishi, kwenye harambee, kwenye redio: ubia kati ya serikali na sekta binafsi, zile herufi tatu, PPP. Na siku hizi halitembei peke yake. Linakuja na mwenzake, "ukuaji wa kijani", yaani biashara inayoleta pesa bila kumaliza msitu, maji na hewa. Stima ya mvuke, ya jua na ya upepo, makaa yanayotengenezwa kwa taka, mashini za kukausha mahindi bila kuchoma dizeli. Vitu vizuri. Hakuna mtu hapa anayevipinga.

2/ Ubishi uko kwingine. Kambi moja inasema: ubia ni kuuza nchi kwa mlango wa nyuma. Kambi ya pili inajibu: serikali haina pesa, waacheni wawekezaji wafanye kazi. Nimezisikiliza zote mbili miaka mingi, na nadhani zote zinaruka swali lenyewe. Kabla hatujaulizana faida itaenda wapi, tuulizane kitu kikiharibika, hasara ni ya nani? Mkataba wowote wa ubia, ukiuvua mapambo yote, kazi yake ni kujibu hilo.

3/ Nianze na yangu. Mwaka 2019 kikundi chetu, watu 31, tuliletewa mashini ya kukausha mahindi. Mnajua mahindi ya huku kwetu. Tunavuna mvua ikitutazama, na ukitaka kuuzia bodi ya nafaka lazima unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Ukishindwa, kuna ukungu, kuna aflatoksini, na kuna broka amesimama kwa lango na lori akijua huna pa kwenda. Kwa hiyo mashini ilipokuja tulifurahi kweli. Mfadhili alitoa pesa, kampuni ikaleta mashini, kaunti ikatuma mtu wa kukata utepe. Sisi tulitoa kiwanja na kujenga banda, shilingi 3,000 kila mtu. Kulikuwa na hema na tisheti. Yangu bado ninayo, ninalimia.

4/ Misimu miwili ilifanya kazi. Msimu wa tatu kichomeo kikafa. Tukapigia kampuni, wakasema waranti imeisha. Tukaenda kwa mfadhili, ofisi ilishafungwa, mradi ulikuwa wa miaka miwili. Tukaenda kaunti, wakapekua na kutuambia kwa upole kwamba mashini haiko kwenye rejista ya mali yao, kwa hiyo hawawezi kuitengea pesa. Na sisi hatukuwa na karatasi inayosema ni yetu. Hata kuiuza kama chuma chakavu tuliogopa. Mwaka huo niliuza magunia 18 kwa broka kwa nusu ya bei. Mama yangu alikuwa akinisaidia kuyaanika kwenye turubai, na mvua ikatupata. Leo kuku wanatagia ndani ya ile mashini.

5/ Nataka mnisikie vizuri hapa. Hakuna aliyeiba. Nimetafuta mwizi wa hiyo hadithi miaka yote hii na sijampata. Mfadhili alitoa alichoahidi, kampuni ilileta mashini, kaunti ilikuja. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja wa kusema ikiharibika atatengeneza nani, kwa pesa gani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu ilipotea tukiwa tunaiangalia.

6/ Sasa tokeni nje mtazame upande wa Menengai. Ule mvuke mnaouona ukipanda ni ubia pia, na ni mmoja wa mikubwa nchini. Serikali iliunda kampuni yake ya mvuke, GDC, mwaka 2008. Mwaka 2011 ikaanza kuchimba visima ndani ya kreta. Kisima kimoja kinaenda chini zaidi ya kilomita mbili na kugharimu mamilioni ya dola, na unaweza kufika huko chini usipate mvuke wa kutosha. Hiyo hatari ilibebwa na nani? Na umma. GDC inachimba, inaunganisha mabomba, kisha inauzia mvuke kampuni tatu za kibinafsi. Kila moja ilipewa kujenga mtambo wa megawati 35. Jumla 105. Stima inanunuliwa na Kenya Power.

7/ Wale wa kambi ya kwanza watasema: mmeona? Serikali imebeba sehemu ngumu, matajiri wakapewa laini. Polepole. Mwekezaji akiambiwa achimbe mwenyewe bila kujua chini kuna nini, atakubali, lakini ile hofu ataiweka kwenye bei, na sisi tutailipa kwenye tokeni kwa miaka mingi. Mara nyingine ni nafuu umma ukibeba hatari ambayo unaweza kuibeba kuliko wengine. Kwa hiyo mimi silaumu huo mgawo. Ninachosema ni kwamba uliandikwa. Kila mtu alijua kisima kikavu ni cha nani.

8/ Na haukuishia kwa visima. Wawekezaji waliuliza: je, mvuke ukichelewa? Je, Kenya Power isipolipa? Wakataka dhamana, na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo pia ilikopesha pesa za kuchimba, ikaweka dhamana dhidi ya mambo hayo mawili. Kampuni zilipatikana miaka ya 2013 na 2014. Mtambo wa kwanza, wa Sosian, ulianza kutoa stima 2023. Mtoto aliyezaliwa mikataba ikitayarishwa alikuwa darasani akijua kusoma. Kwa hiyo anayewaambia jukwaani kwamba ubia ni njia ya haraka, mkumbusheni Menengai. Ni njia inayoweza kufika, lakini haina haraka.

9/ Kitu kingine cha kuwatoa usingizini. Moja ya hizo kampuni tatu ni Globeleq. Tunaiita sekta binafsi. Lakini ukifuata wenyewe unafika kwa taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza, yenye asilimia 70, na ya serikali ya Norway, yenye 30. Yaani "binafsi" ya hapa ni pesa za umma wa kwingine. Sisemi hivyo kwa ubaya. Nasema hivyo kwa sababu wale wananchi wa huko wana bunge linalouliza pesa zao ziliwekwa wapi, kwa masharti gani, na zitarudi lini. Kama walipa kodi wa Norway wanaweza kuulizia Menengai, mtu wa Bahati anayeiona kutoka shambani kwake atanyamaza kwa nini?

10/ Hasara ikiandikwa vibaya inakuwaje? Nendeni Marsabit kidogo. Pale Loiyangalani kuna mitambo ya upepo ya megawati 310, mradi wa kujivunia. Kwa mkataba, serikali ilikuwa na jukumu la kuleta laini ya stima, zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mitambo ikawa tayari 2017. Laini haikuwa tayari hadi 2018, maana mkandarasi wa kwanza kutoka Uhispania alifilisika. Upepo ukavuma bure, na Kenya ikalipa mabilioni ya shilingi kwa kuchelewa. Mitambo ilikuwa mizuri, kampuni ilifanya sehemu yake. Lakini umma ulikuwa umeahidi kitu ambacho haukuwa na uhakika nacho, na aliyelipa ni mwenye tokeni.

11/ Kwa hiyo mikubwa ina mawakili, ina dhamana, ina adhabu za kuchelewa. Sasa wale wadogo? Mama anayetengeneza makaa ya vumbi, kijana anayeuza taa za jua, kikundi cha mahindi? Dunia imejaa mipango ya kuwasaidia. Denmark ilianzisha ushirika wa nchi uitwao P4G wa kusaidia ubia wa aina hii, na Kenya ni mmoja wa wanachama. Hapa nchini kuna kituo cha ubunifu wa biashara za tabianchi, KCIC, tangu 2012. Ni vizuri. Lakini mara nyingi msaada kwa mdogo ni mafunzo, mashini na picha. Mkubwa anapewa dhamana ya miaka na miaka. Mdogo anapewa cheti cha kuhudhuria.

12/ Kuna mfano wa karibu ambao mimi huupenda. Kampuni ya maji ya Nakuru, NAWASSCO, ilikuwa na shida ya uchafu wa vyoo. Kwa mradi wa Umoja wa Ulaya, pamoja na SNV, Umande Trust na wengine, wakaanza kuukausha, kuuchoma na kuuchanganya na vumbi la mbao kupata makaa ya duara. Msicheke, hayanuki. Wakayaita Makaa Dotcom, na kazi ikapewa kampuni tanzu, Nawasscoal. Mwaka 2018 serikali ilipofunga ukataji miti kwenye misitu ya umma na makaa ya kawaida yakapanda bei, mtu aliyekuwa na hayo makaa alikuwa na kitu. Sisemi hawana shida. Lakini angalieni tofauti na mashini yetu. Mradi wa mfadhili ulipofika mwisho wake, biashara ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, na malighafi yake haiishi, kwa sababu Nakuru haitaacha kwenda choo.

13/ Turudi Menengai, kwa sababu kuna pesa yenu huko ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa jukwaani. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema anayetoa mvuke wa ardhini atalipa mrabaha: kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya nishati hiyo kwa miaka kumi ya kwanza, halafu kati ya 2 na 5. Huo mrabaha unagawanywa: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya mahali 5. Sasa tufanye hesabu kama watoto. Chukua nishati ya shilingi 1,000. Mrabaha wa chini ni shilingi 10, wa juu ni 25. Fungu la jamii ni senti 50 hadi shilingi moja na robo. Kwa kila shilingi elfu moja.

14/ Wengine mnaguna. Ni kidogo, ndiyo. Lakini kidogo cha kila siku kwa miaka 25 si cha kuchezea, na kiko kwenye sheria. Halafu kuna swali gumu kuliko kiasi: jamii ni nani? Menengai inapakana na sisi, na Rongai, na mji wa Nakuru. Tusipokaa na majirani tukasikizana mapema, mtaona siku pesa zitakapoongelewa, watakuja watu wa kutugawanya kwa kabila na kwa ukoo, na tutapigania senti 50 huku zile 75 kwa mia zikipita juu ya vichwa vyetu kimya kimya.

15/ Na kuna kitu kikubwa kuliko mrabaha. GDC yenyewe imeonyesha pale Menengai kwamba joto la mvuke linaweza kupasha maziwa, kulisha joto nyumba za mimea, kufuga samaki, kufua nguo, na, sikilizeni hii, kukausha nafaka. Nafaka! Mimi nilianika mahindi kwenye turubai nikitazama ule mvuke ukipanda angani. Ubia ambao ningependa kusikia ukiahidiwa kwenye kampeni ni huo: nani ataleta lile joto karibu na mkulima, kwa bei gani, na bomba likipasuka atalishona nani. Hiyo ndiyo biashara ya kijani kwetu. Hizo nyingine ni nzuri, lakini gunia langu haliendi Nairobi kwa waya.

16/ Sasa, jambo lililotuleta hapa. Kikundi chetu kimeletewa pendekezo jipya. Mashini nyingine ya kukausha, mara hii ya jua, pamoja na ghala. Wanataka tutoe ekari mbili za kikundi kwa miaka 15. Hatuna nyingine. Nusu ya wanachama wanasema kubali haraka kabla haijaenda kwa kikundi kingine. Nusu wanasema tumechomwa, hapana. Vijana wanatuona wazee waoga. Tutapiga kura mwisho wa mwezi. Mimi sitaki kura ya hofu wala ya njaa. Nataka maswali matano yajibiwe kwa karatasi, na yawe maswali yenu kwa mtu yeyote anayetaja ubia mbele yenu.

17/ La kwanza: ikiharibika, nani anatengeneza, kwa siku ngapi, kwa pesa za mfuko gani? La pili: mali ni ya nani leo, na ni ya nani mradi ukiisha? Iko kwenye rejista ya nani? La tatu: umma au kikundi kimeahidi nini, na tukishindwa tunalipa nini? Msisahau ile laini ya Loiyangalani. La nne: pesa zikiingia, zinagawanywa vipi, na nani anaona vitabu? La tano: yule mwingine akiondoka kabla ya wakati, ardhi yetu inarudi vipi? Mtu akikujibu "hayo tutayaangalia mbele ya safari", jua hayo ndiyo utakayolipia wewe.

18/ Mkinyimwa majibu, msirushe mawe, andikeni barua. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya habari zilizo kwa serikali. Sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na wakikupuuza kuna Tume ya Haki ya Utawala, ndio Ombudsman. Kifungu cha 201 kinasema mizigo na faida za mali na mikopo ya umma zigawanywe kwa haki kati yetu na watakaokuja baadaye. Na miradi mikubwa ina Sheria ya Ubia ya 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2013. Ule wetu wa 2019 haukupitia sheria yoyote ya ubia. Uliitwa ubia tu, kwa mdomo, kwenye hema.

19/ Kwa wale wa kambi mbili, neno moja moja. Wewe unayesema ubia ni kuuza nchi: niambie basi nani angechimba Menengai, na kwa pesa gani, halafu tuongee. Wewe unayesema wawekezaji waachwe: niambie kwa nini waliopewa dhamana ni wale wenye mawakili, na kikundi cha watu 31 kikaachiwa kichomeo kilichokufa. Mkinijibu hayo mawili tutakuwa tumeanza siasa ya maana.

20/ Wazee wetu walituambia mgeni njoo mwenyeji apone. Naamini hivyo bado. Mgeni aje na mashini yake, na jua lake, na mfadhili wake. Chai iko. Lakini mwenyeji hawezi kupona kama hajui akibaki peke yake atabaki na nini. Mwisho wa mwezi nitainua mkono wangu nikiwa nimesoma kurasa zote. Zikiwa na majibu, nitakuwa wa kwanza kubeba mawe ya msingi. Zisipokuwa nayo, zile ekari mbili zitabaki na viazi, na turubai langu bado liko. Asanteni kwa kunisikiliza.

Ndiyo hayo. Kulikuwa na maswali mengi baadaye, moto hasa kwenye la mrabaha na nani ni "jamii". Kama mko Rongai ama upande wa mji, andikeni hapa chini mnaonaje, kwa heshima, bila kumtaja mheshimiwa wa mtu. Na kama kikundi chenu kiliwahi kutengenezewa mashini iliyoharibika baada ya mradi kuisha, tuambieni karatasi yenu ilisema nini. Hiyo karatasi tunaitaka kabla ya mwisho wa mwezi.